Kuchagua amplifaya ya sinema ya nyumbani itakayopiga na muziki wa stereo

Kauli kwamba risiva ya sinema ya nyumbani haifai kwa muziki humfikia karibu kila anayetaka spika zake mbili za mbele zifanye kazi mbili: zibebe filamu zikisaidiana na spika ya kati na za pembeni, kisha zipige stereo peke yake. Ukweli umo ndani yake, ila umefungwa pamoja na mambo mengine. Kuna nguvu za amplifaya. Kuna njia inayopitiwa na sauti kabla ya kuifikia amplifaya. Kuna namna besi inavyogawanywa kati ya spika na sabufa. Na kuna vitu vilivyoachwa vimewashwa kwenye menyu tangu siku risiva ilipotolewa kwenye katoni. Mwenye tatizo la mwisho akinunua dawa ya lile la kwanza, fedha zinakwenda na sauti inabaki ileile.

Tunachoshikilia ni kwamba kwa nyumba nyingi risiva ya kiwango cha kati yenye matundu ya PRE OUT (yale yanayotoa sauti kabla haijakuzwa, ili amplifaya ya nje iikuze), ikipangwa kwa makini, inapiga muziki vizuri. Amplifaya ya pili iongezwe pale hesabu ya spika na chumba inapoidai. Hesabu yenyewe si ngumu, na ndiyo tutakayoanza nayo.

Wati za kwenye katoni

Risiva ina prosesa inayofungua sauti ya filamu na kuigawa kwa chaneli, ina DAC za kugeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, na ina amplifaya saba, tisa au zaidi zinazokula kwenye transfoma moja. Ndiyo maana takwimu ya wati haisemi kitu bila masharti yake. Chukua maandishi haya mawili: wati 100, chaneli 2 zikifanya kazi, omu 8, hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji asilimia 0.08, na wati 165, chaneli 1, omu 6, hezi 1,000, upotoshaji asilimia 10. Yanaweza kuwa ya mashine ileile. Upotoshaji wa asilimia 10 ni sauti ambayo mawimbi yake yameshakatwa vichwa, na hakuna anayesikiliza hapo kwa hiari. Marekani ilianza kudhibiti matangazo ya namna hii mwaka 1974 kupitia kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, kwa sababu kila mtengenezaji alikuwa anapima wati kwa kipimo chake.

Chaneli zote zikidaiwa kwa pamoja, risiva ya wati 100 inaweza kushuka hadi nusu yake au chini zaidi. Hilo huwatisha wapenda muziki bila sababu. Stereo inapopigwa, transfoma nzima inahudumia chaneli mbili tu, kwa hiyo takwimu ya chaneli 2 ndiyo inayowahusu. Kugawana transfoma kunaiumiza filamu kuliko kunavyouumiza muziki.

Sasa hesabu. Spika ina unyeti wa desibeli 87, maana yake ikipewa wati 1 inatoa desibeli 87 mita 1 mbele yake. Msikilizaji amekaa mita 3. Umbali huo unapunguza desibeli 9.5 hivi, na spika ya pili inarudisha kama 3. Basi wati 1 kwa kila spika inamfikia ikiwa desibeli 80.5, bila kuhesabu mchango wa kuta, ambao ndani ya chumba huongeza kidogo. Tuseme anasikiliza kwa wastani wa desibeli 75, sauti inayojaza chumba, na vilele vya ngoma na piano vinapanda desibeli 20 juu ya wastani huo, yaani hadi 95. Pengo ni desibeli 14.5. Kila desibeli 3 hudai wati mara mbili, kila desibeli 10 hudai wati mara kumi, na 14.5 zinaishia kwenye wati 28 kwa kila spika.

Kwa filamu mambo hubadilika. Kipimo cha rejea kinachotumika kwenye sinema, ambacho viwango vya THX vya sauti ya sinema vimejengwa juu yake, kinataka vilele vya desibeli 105 kutoka kila chaneli kuu kwenye kiti cha msikilizaji. Hata spika zilezile mbili zikisaidiana kufikia desibeli 105 kwenye kiti kilekile, pengo linakuwa desibeli 24.5 na wati zinapanda hadi 280 hivi. Weka spika za desibeli 91 mahali pake, na hitaji linashuka hadi wati 112. Wachache husikiliza nyumbani kwa kipimo cha rejea. Wengi hukaa desibeli 10 au zaidi chini yake, na hapo wale wa desibeli 87 wanarudi kwenye wati zao 28.

Fanya hesabu hii kwa spika zako mwenyewe kabla ya kuingia dukani. Itakuonyesha kwamba kutoka wati 100 kwenda 150 unapata desibeli 1.8 tu, badiliko ambalo rimoti inalileta kwa kubonyeza mara mbili tatu. Anayetaka nguvu atakazozihisi inabidi aende wati 300 au 400, au anunue spika zenye unyeti mkubwa zaidi, au asogeze kiti. Kusogeza kiti kutoka mita 3 hadi mita 2 kunaleta desibeli 3.5 bila kugharimu chochote.

Spika ngumu kuendesha

Wati peke yake hazitoshi, kwa sababu spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye omu 8. Impidensi yake, yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, hupanda na kushuka kulingana na masafa, na spika nyingi za kusimama hushuka hadi omu 4 au hata 3 kwenye eneo la besi ya juu, palepale ambapo muziki una nguvu nyingi. Hapo amplifaya hudaiwa mkondo mara mbili au zaidi. Tafuta mchoro wa impidensi wa spika yako, kisha angalia amplifaya inatoa nini kwenye omu 4. Inayotoa wati 100 kwenye omu 8 na 180 au 200 kwenye omu 4 ina ugavi wa umeme imara. Ambayo mtengenezaji wake hataji kabisa omu 4, au anaandika kwamba spika zianzie omu 6, imekueleza mpaka wake.

Risiva nyingi zina kipengele cha menyu cha kuchagua impidensi ya spika. Jina lake linapotosha. Kwa kawaida ukichagua omu 4 risiva hupunguza volti za ndani au huweka kikomo cha mkondo ili isipate joto, na nguvu hushuka. Mwenye spika za omu 4 huichagua akidhani anaisaidia amplifaya, kisha analalamika kwamba sauti imekosa uhai. Tunashauri ibaki kwenye omu 8, maadamu risiva inapata hewa ya kutosha, angalau sentimita 10 juu yake, na haijizimi yenyewe. Ikijizima kwenye sauti kubwa, hapo ndipo umepata sababu halali ya amplifaya ya nje.

Waya wa spika wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 0.07 hivi kwa mita 5 kwenda na kurudi. Hiyo ni kidogo mno kuathiri chochote, kwa hiyo gharama ya waya isikusumbue zaidi ya hapo.

Besi na njia ya sauti

Hapa ndipo muziki kwenye risiva unapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo watu hutumia muda mchache zaidi.

Chini ya hezi 200 au 300, chumba ndicho kinachotawala. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina mlio wake wa kwanza kwenye hezi 34 hivi, na mingine inafuata juu yake. Masafa mengine yanavimba desibeli 10, mengine yanamezwa yote kwenye kiti chako. Hakuna amplifaya duniani inayoondoa uvimbe huo, iwe ya daraja A, AB au D. Ila risiva nyingi zina programu ya kurekebisha chumba: Audyssey, Dirac Live, YPAO ya Yamaha, ARC ya Anthem. Amplifaya nyingi za stereo hazina. Anayeiacha risiva kwa ajili ya stereo safi mara nyingi anaacha chombo pekee nyumbani kwake kilichoweza kuituliza besi.

Upimaji ufanywe kwa utulivu. Maikrofoni iwekwe juu ya stendi ya kamera, usawa wa masikio, ikielekea dari. Isiegemezwe kwenye mgongo wa kiti, maana kitambaa na mbao zinarudisha sauti na kudanganya kipimo. Feni na viyoyozi vizimwe. Nafasi ya kwanza iwe kiti kikuu, kwa sababu kwenye mifumo mingi umbali na viwango vya spika hutokana nayo. Nafasi sita hadi nane, zikipishana sentimita 30 hadi 60 kukizunguka kiti hicho, zinatosha. Kama programu inaruhusu, zuia marekebisho yasivuke hezi 300 hadi 500. Juu ya hapo spika nzuri imeshafanyiwa kazi na aliyeisanifu, na maikrofoni moja ndani ya chumba chenye mwangwi haijui kutofautisha kosa la spika na tabia ya ukuta.

Upimaji ukiisha, ingia kwenye menyu ukague. Spika za mbele huenda zimewekwa "Large". Zibadilishe ziwe "Small" na krosova, yaani mpaka wa kugawa besi, hezi 80, au 60 kama ni spika kubwa za kusimama. Neno "Small" halihusu ukubwa wa boksi, linaamua tu kwamba besi nzito iende kwa sabufa. Faida yake kwa muziki ni kubwa: spika haihangaiki tena na mawimbi yanayohitaji mwendo mrefu wa koni, na sehemu nzito kuliko zote ya hitaji la nguvu inaondoka kwenye risiva na kuhamia amplifaya iliyomo ndani ya sabufa. Umbali wa sabufa unaweza kuonekana mkubwa kuliko ulivyopima kwa futi kamba. Uache hivyo, maana saketi za sabufa huchelewesha sauti na risiva imelipia ucheleweshaji huo. "LFE+Main" izimwe (LFE ni chaneli ya besi ya filamu), kwa sababu hupeleka besi ileile kwa sabufa na kwa spika pamoja, na mahali zinapokutana besi huvimba au kumomonyoka.

Halafu kuna vitu vya filamu vinavyosahaulika vimewashwa: hali ya usiku, uimarishaji wa mazungumzo, Dynamic Volume na Dynamic EQ za Audyssey. Dynamic EQ huongeza besi kwa kudhani kwamba kazi ilirekodiwa kwa kiwango cha sinema. Muziki haukurekodiwa hivyo, umerekodiwa kwa sauti ya juu zaidi, ndiyo maana besi inazidi. Izime kwa muziki, au ongeza Reference Level Offset hadi desibeli 10 au 15.

Njia ya sauti nayo ina mtego. DAC ya nje au pleya ya santuri ikichomekwa kwa waya za RCA, ambazo hapa hubeba mawimbi ya umeme, risiva nyingi huigeuza sauti hiyo kuwa tarakimu, huipitisha kwenye prosesa, kisha huigeuza tena kuwa mawimbi. Mageuzi hayo yakifanywa vyema hayaharibu kinachosikika, lakini DAC ya gharama mbele ya risiva ya namna hii ni fedha iliyopotea. Peleka tarakimu moja kwa moja kwa HDMI, waya wa optiki au mtandao. Hali ya Pure Direct huruka prosesa, ila huruka pia marekebisho ya chumba na mgawanyo wa besi, na kwenye risiva nyingi sabufa hunyamaza. Tofauti utakayoisikia ni ya vitu hivyo vilivyoondolewa, wala si ya usafi wa saketi.

Kuongeza amplifaya

Tuseme hesabu imedai nguvu zaidi, au spika zinashuka hadi omu 3. Njia rahisi ni amplifaya ya nguvu ya chaneli mbili, ikilishwa na PRE OUT za mbele. Risiva inabaki na prosesa, marekebisho na rimoti moja, na transfoma yake inapumua kwa kuwa chaneli mbili zenye kazi kubwa zimehamia nje. Baadhi ya risiva za Denon na Marantz huruhusu kuzima kabisa amplifaya za ndani za chaneli hizo.

Angalia kiwango cha ukuzaji. Amplifaya ya desibeli 26 huzidisha volti mara 20. Ili itoe wati 100 kwenye omu 8, yaani volti 28.3, inahitaji volti 1.41 kutoka kwenye risiva. Ya desibeli 29 inahitaji volti 1 tu. Risiva nyingi za kati hutoa volti 1 hadi 2 zikiwa safi, basi ya desibeli 29 ni salama zaidi kwao. Ukuzaji ukizidi mno utasikia mchakacho kwenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, hata muziki ukinyamaza, na upimaji wa chumba utaziweka chaneli za mbele kwenye −12, mwisho wa kipimo kwenye risiva nyingi. Namba hiyo ikitokea usiiamini: punguza ukuzaji wa amplifaya au weka vipunguzi vya desibeli 10 kwenye waya, kisha pima upya.

Njia ya pili ni amplifaya kamili ya stereo yenye baipasi. Baipasi ni pembejeo, yaani tundu la kuingizia sauti, isiyoguswa na kidhibiti cha sauti cha amplifaya, na nyuma ya mashine huandikwa HT BYPASS, POWER AMP IN au MAIN IN. Chomoa umeme kwanza. Peleka waya za RCA kutoka PRE OUT za mbele hadi baipasi. Spika za mbele zifungwe kwenye amplifaya ya stereo pekee, na matundu ya spika hizo kwenye risiva yabaki matupu. Spika isifungwe kamwe kwenye amplifaya mbili kwa wakati mmoja, hata moja ikiwa imezimwa, kwa sababu volti za inayofanya kazi huingia kwenye transista za nyingine na kuziunguza. Televisheni na vyanzo vya filamu vinaingia kwenye risiva, vyanzo vya muziki kwenye amplifaya ya stereo. Washa risiva kwanza, amplifaya baadaye. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Kisha pima chumba amplifaya ikiwa kwenye baipasi.

Kwenye baipasi isichomekwe kitu kingine zaidi ya risiva. Kifaa cha kucheza muziki chenye volti 2 kikiingia hapo, spika zinapokea nguvu yote kwa mara moja na twita hazitapona. Kama amplifaya haina baipasi, tumia pembejeo ya AUX, chagua mahali pamoja pa kitasa, tuseme saa sita, weka alama, pima chumba hapo, na urudi hapo kila utakapotazama filamu. Inafanya kazi, lakini inategemea kila mtu nyumbani akumbuke.

Gharama iliyofichika ya njia hii ni kwamba stereo inapopigwa, marekebisho ya chumba hayapo na sabufa iliyofungwa kwenye risiva iko kimya. Sabufa yenye pembejeo mbili inatatua nusu ya tatizo: LFE kutoka kwenye risiva, na waya wa pili kutoka matundu ya spika ya amplifaya ya stereo, kichujio chake kikiwa kwenye hezi 40 hadi 60 pale spika zinapoanza kuishiwa besi. Kwa amplifaya za daraja D fuata maelekezo ya mtengenezaji wa sabufa, kwani kwenye nyingi tundu jeusi la spika si ardhi. Nusu ya pili inatatuliwa na amplifaya ya stereo yenye marekebisho yake ya ndani, na kama tungeshauri aina hii ya mfumo, hiyo ndiyo tungeitafuta kwanza.

Chumba kidogo, watazamaji wawili wanaokaa katikati, wala huwezi spika za nyuma? Amplifaya ya stereo yenye HDMI eARC, tundu linalopokea sauti kutoka kwenye televisheni, inatosha. Spika mbili zilizopangwa vizuri huyaweka mazungumzo katikati ya kioo bila spika ya kati. Anayekaa pembeni atayasikia yakitoka upande wake. Hilo ndilo unalolipa.

Mngurumo ukitokea baada ya kuunganisha mashine mbili, chomoa waya moja moja hadi unyamaze. Mara nyingi chanzo ni waya wa antena au kebo ya televisheni, na kitenganishi cha kebo hiyo humaliza tatizo. Mashine zote ziwe kwenye soketi moja. Waya wa ardhi wa plagi usikatwe, kwani ndio unaomlinda mtu siku boksi la chuma litakapopata umeme.

Unapolinganisha risiva na amplifaya mpya, sawazisha sauti kwanza, maana ile yenye sauti kubwa kidogo daima husikika nzuri zaidi. Piga mlio wa hezi 200, pima volti za AC kwenye matundu ya spika, na hakikisha tofauti haizidi asilimia 1, ambayo ni desibeli 0.1 hivi. Marekebisho ya chumba yawe yamezimwa kwa zote mbili au yamewashwa kwa zote mbili. Watu wengi hugundua hapo kwamba walichokuwa wanakisikia ni sabufa kuwepo au kutokuwepo.

Prosesa na HDMI huzeeka haraka kuliko amplifaya, kwa hiyo amplifaya ya nguvu iliyotumika ni ununuzi wa busara. Ikague kabla ya kulipa. Bila spika wala chanzo chochote, iwashe, iache ipate moto kwa dakika 15, kisha pima volti za DC kati ya tundu jekundu na jeusi la kila chaneli. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Kama ina kitasa cha sauti, kisogeze ukiwa umefunga spika za bei ndogo: mkwaruzo unaopotea baada ya kukizungusha mara kadhaa ni vumbi, lakini chaneli inayopotea na kurudi sauti ikiwa ya chini huashiria rilei (swichi ya ndani ya spika) iliyochakaa, na hiyo hubadilishwa. Milivolti zikizidi 100, spika zako zisiiguse amplifaya hiyo hadi fundi aifungue.